Kichupa cha Feliks

Kazi ya Slavka Repnik katika zahanati ya bondeni ilikuwa kuwasumbua watu wasioumwa. Mgonjwa alikwenda kwa daktari, chumba cha pili. Kwa nesi Slavka alikwenda mzima, au aliyejiona mzima, akapimwa presha, sukari na kiuno, akaulizwa hunywa glasi ngapi za mvinyo, akajibu uongo. Miaka ishirini na mitatu ilikuwa imemfundisha Slavka kuzidisha kila jibu mara mbili.

Kilichomtoa jasho ni vichupa. Kila aliyetimiza hamsini aliletewa kwa posta, kila baada ya miaka miwili, bahasha yenye kichupa: achukue kinyesi chake kidogo kwa kijiti, aandike tarehe, arudishe kwa posta kikapimwe damu isiyoonekana kwa macho. Wanawake walirudisha. Wanaume walivitilia misumari.

Feliks Jurša, seremala wa miaka hamsini na sita, alikikalia chake mwaka mzima. Slavka alimwandama dukani, kanisani, hata kwenye mazishi ya shangazi yake. Mwisho akamgeukia mkewe, Tilka, kwenye foleni ya mkate, akamwambia watu wote wakisikia kwamba mwezi ukiisha kichupa hakijaondoka, atakuja kukaa jikoni kwao mpaka Feliks aende chooni. Watu walicheka. Tilka hakucheka.

Kichupa kikaondoka. Jibu likarudi: kina damu.

Feliks akanywa dawa ya kuharisha, akaingizwa kamera huko mjini, utumbo ukaonekana safi kama sahani ya Pasaka. Wiki ya kwanza ya Desemba akaingia chumbani kwa Slavka na soseji ya damu ya nguruwe imeviringishwa gazetini, akaitua mezani.

"Damu yako hiyo, dada," akasema. "Nimevuliwa suruali mbele ya wasichana watatu, kumbe hamna kitu. Kula, ushibe."

Ili amnyamazishe, Slavka akamuuliza nguruwe alikuwa wa nani. Feliks akavimba kichwa. Walikuwa wa kaka yake kule tambarare, wanne, na mwenye kisu alikuwa yeye. Aliondoka nyumbani tarehe kumi na mbili Novemba, akarudi kumi na sita. Akatoka anapiga mluzi.

Slavka akafungua faili aandike neno moja, safi, alifunge. Kalamu ikagoma. Tarehe ya kichupa ilikuwa kumi na nne Novemba.

Nyumba ya kina Jurša ilikuwa na watu wawili tu. Na Tilka alikuwa na miaka arobaini na saba. Bahasha yake mwenyewe ilikuwa bado miaka mitatu.

Slavka alimkuta Tilka jikoni akisukuma unga wa mkate wa kokwa za jozi. Hakukaa.

"Tarehe kumi na nne Feliks hakuwepo."

"Labda alikosea kuandika."

"Labda. Niambie alikosea, nami niende zangu."

Mti wa kusukumia ukasimama. Slavka alisikia randa ya Feliks karakanani, ikienda na kurudi.

"Wewe ulisema utakuja kukaa hapa," Tilka akasema bila kugeuka. "Yeye kaapa atakitupa motoni kiungue. Mmenisaga katikati kama nyama. Nikaona, choo ni choo."

Na jibu lilipokuja? Alijua siku hiyo hiyo kuwa ni lake, akasema, lakini angeanzaje kumwambia mtu aliyekwisha kunywa ile dawa? Akawa anaomba maabara iwe imekosea. Tangu kiangazi alikuwa anachoka, na sketi zilikuwa zinamzunguka kiunoni.

Slavka akaona kwamba ulimi wake mwenyewe ndio uliokijaza kile kichupa.

"Vaa koti," akasema.

"Na unga?"

"Unga utangoja. Wewe umekwisha kungoja wiki tatu."

Randa ilikuwa imenyamaza. Feliks alisimama mlangoni, vumbi la mbao kwenye nyusi, akauliza kuna nini. Slavka akafumba mdomo kwa nguvu. Tilka akafuta mikono, akamwambia mumewe yote yeye mwenyewe, mpaka mwisho.

Feliks akaketi juu ya kikapu cha kuni.

"Kwa hiyo nimechunguzwa mimi," akasema polepole, "anayevuja ni wewe."

Kwa Tilka kamera ilikuta uvimbe wa ukubwa wa kokwa ya jozi, ukakatwa. Siku kumi walingoja maabara, na kila asubuhi Slavka alifungua kompyuta kabla ya kuvua koti. Jibu likaja: ulikuwa umeanza kugeuka saratani, haukuwa umepenya ukuta wa utumbo.

Januari Feliks akarudi zahanati, akatua kichupa pale pale alipotua soseji.

"Hiki ni changu. Tilka alisimama mlangoni kama askari."

"Kinakwenda posta, Feliks, si mezani kwangu. Kiondoe, nakula."

Kisha akaacha mkate wake, akavaa koti, akamsindikiza mpaka posta, akakiona kinaingia sandukuni.