Sista Uliza, Aliyewafungua Vinywa Wagonjwa wa Saratani

Alizaliwa tarehe tisa ya mwezi wa pili, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha kushonea. Wazazi wake walimbatiza kwa jina zuri la mtakatifu, lakini wachache sana wanalikumbuka leo, maana wagonjwa walimpa lingine, nalo ndilo lililoandikwa kwenye msalaba wa kaburi lake: Sista Uliza. Alikuwa mtoto mpole, ila si wa kumezeshwa jambo. Baba yake alizoea kucheka na kusema kwamba binti huyu hata maswali ya katekisimu aliyajibu kwa maswali mengine.

Alipokuwa na miaka kumi na minne, mama yake aliugua saratani ya titi, naye ndiye aliyemsindikiza hospitali. Daktari alizungumza mbiombio, macho yake yakiwa kwenye faili, na mama akawa anaitikia tu, "Ndiyo, daktari." Walipotoka nje ya mlango, mama alimshika mkono akasema, "Mwanangu, kasemaje?" Binti naye alikuwa ameambulia maneno mawili matatu tu. Mama alifanyiwa upasuaji, akapewa vidonge, akapata nafuu. Mwaka ulipopita, akajiona mzima, akaviacha. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba vilikuwa vya miaka mitano. Ugonjwa ukarudi, ukamchukua. Miaka mingi baadaye Sista alimsimulia mlezi wake wa kitawa kwamba wito wake haukuja kwa ndoto wala kwa sauti ya malaika. Ulikuja kwa swali lile la mama yake, ambalo halikumtoka masikioni.

Aliingia utawani akiwa na miaka kumi na tisa, akasomea uuguzi, akapangiwa wodi ya saratani. Humo madaktari walifuata mwongozo wa matibabu, kitabu kinene kilichoeleza ugonjwa wa hatua fulani utibiwe kwa dawa ipi na kwa muda gani. Sista alikisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, kwenye benchi la chumba cha chai, kwa miezi minne. Akakiheshimu sana. Ndipo akaanza kukaa na kila mgonjwa kabla hajaitwa kwa daktari, akimsaidia kuandika maswali matatu kwenye kipande cha karatasi. Aliyekataa kuandika alimwambia, "Basi chagua moja tu, lile linalokunyima usingizi." Wala hakuwafundisha ubishi. Mwalimu mmoja wa kike aliyechoshwa na kutapika alipotaka kuacha dawa katikati, Sista alimjibu bila kumung'unya maneno, "Kuuliza si kukataa, dada yangu. Muulize daktari dawa ya kuzuia kutapika. Ila hii usiiache, kuiacha kutakuua."

Jaribu lake kubwa lilitoka kwa daktari mkuu wa wodi, mtu hodari na mchapakazi, aliyekuwa na wagonjwa sitini kwa siku na subira ya wagonjwa kumi. "Sista," alimwambia mbele ya wauguzi wenzake, "unanifundishia wagonjwa kunihoji kama polisi." Wiki hiyohiyo Sista akahamishiwa chumba cha kufulia. Alilia siku moja, tena sana, kisha akapiga moyo konde. Alifua mashuka miezi kumi na moja, viganja vikachubuka kwa sabuni, na Mama Mkuu wa shirika akashuhudia kwamba hakumsikia akimnung'unikia daktari hata mara moja, ingawa sabuni yenyewe aliisema vya kutosha. Wagonjwa nao wakaijua njia ya huko. Walipita dirishani na karatasi zao.

Miongoni mwao alikuwa fundi saa mmoja aliyekuwa ametolewa uvimbe kwenye utumbo mpana. Aliambiwa atatundikiwa dawa kwa miezi sita, na kwamba vidole huenda vikafa ganzi. Alitaka kukimbia asirudi tena. Sista alikamua shuka, akamwambia, "Usikimbie. Mwambie unavyofanya kazi." Siku ya siku fundi saa akaketi mbele ya daktari mkuu, akanyoosha mikono yake mezani, akasema, "Daktari, kitabu chako kinaijua saratani yangu. Je, kinavijua vidole hivi? Ndivyo vinavyolisha watoto wangu."

Daktari alikunja uso. Hata hivyo alifungua mwongozo ili amwoneshe, na akiwa anatafuta akakuta maandishi aliyoyaruka mara nyingi: kwamba kwa mgonjwa wa hatua kama ile, miezi mitatu yaweza kutosha, tofauti ya matokeo ni ndogo na ganzi hupungua sana, na kwamba uamuzi ufanywe na daktari pamoja na mgonjwa. Akayasoma kwa sauti. Wakajadiliana karibu saa nzima, wakachagua miezi mitatu. Jioni ile daktari mkuu alishuka mwenyewe hadi chumba cha kufulia.

"Sista, nilikukosea. Rudi wodini."

"Asante, daktari. Nimalizie haya mashuka kwanza," akajibu, akamkabidhi ncha ya moja walikamue pamoja. Daktari akalikamua, koti lake jeupe likalowa hadi kiunoni.

Tangu hapo walifanya kazi bega kwa bega kwa miaka ishirini na miwili. Madaktari wapya walianzishwa kazi kwa kukaa upande wa mgonjwa, wasikilize. Akiwa na miaka sitini na moja, Sista mwenyewe alipatikana na saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Alimwita daktari yuleyule, akasema, "Nisomee ukurasa wangu." Daktari alisoma, akafika mahali akataka kukifunga kitabu. "Endelea," Sista akamwambia, "hapo ndipo ninapopataka." Dawa ingeweza kumwongezea wiki chache, nyingi za kulala kitandani. Aliuliza maswali yake matatu, akajibiwa kwa ukweli, akachagua dawa za maumivu tu ili abaki na wagonjwa wake. Alikaa nao wiki saba. Alifariki asubuhi ya tarehe thelathini ya mwezi wa nane, baada ya kupokea Ekaristi, akiwa ameshikwa mkono na Mama Mkuu.

Kanisa halijatamka neno juu yake, wala sisi hatuitangulii hukumu yake. Tunaandika tu yanayosimuliwa. Mama mmoja aliyekuwa hajatoa neno mbele ya daktari yeyote kwa miezi minne, kwa hofu, alisali kaburini pake, na kesho yake akazungumza hadi daktari akaishiwa karatasi. Fundi saa yu hai, anatengeneza saa. Akiulizwa kama aliponywa na dawa au na sala za Sista, hujibu kwamba hajaona sababu ya kuzigombanisha.

Anayetaka kumfuata hahitaji kuvaa shela ya kitawa. Mwenye elimu na avute kiti, amngoje mgonjwa amalize kusema. Na mwenye hofu, awe mbele ya daktari au mbele ya Mungu wake, asione haya: afungue kinywa, aulize.