Bodi ya Mitaro ya Uingereza na Falaji ya Shangazi

Diploma yangu ya uhandisi wa maji niliipata Uingereza kwa jasho langu mwenyewe: mchana kibarua wa bodi ya mitaro inayoondoa maji mashambani, jioni darasani. Kwa hiyo niliporudi Oman mwishoni mwa miaka ya sabini na kukuta mitende ya shangazi yangu huko Ibra inakauka, sikuhitaji mtu wa kunieleza tatizo.

Mafuriko ya wadi, korongo linalopitisha maji mvua ikinyesha, yalikuwa yamebomoa falaji, mfereji wa kale unaoleta maji kutoka mlimani hadi mashambani. Wenye mashamba juu ya pale palipobomoka bado walipata maji. Wa chini, shangazi akiwamo, hawakuwa na tone. Na wa juu walikataa kuchangia matengenezo.

"Kwangu maji yanapita," alisema mzee mmoja wa juu kwenye baraza. "Nitengeneze nini?"

Nikaomba kusema. Wengi wao walikulia Unguja, nikasema Kiswahili. Niliwaambia kuna wakulima Uingereza, ardhi yao chini kuliko bahari, wana baraza kama hili, ila wao hulipa ili maji yaondoke.

"Wanalipa kumwaga maji?" Wakili wa falaji, msimamizi wa zamu za maji, akashika kichwa. "Subhanallah! Si wamwagie huku!"

Walipokwisha kucheka niliendelea. Tangu enzi za wafalme wa kale waliwekwa watu kulinda mitaro na kuta za bahari. Baadaye wakulima wakachagua bodi zao. Na watu wa mwinukoni nao walisema: sisi hatufurikiwi, hatulipi. Wakajibiwa: mvua ya kwenu ndiyo inayomzamisha jirani. Wakalipa.

"Mimi namzamisha nani?" akauliza yule mzee wa juu.

"Humzamishi mtu, ami. Lakini maji yakishapita kwako ni ya shangazi, nayo yanamwagika wadini. Hata sisi tunamwaga, tena bure."

Shangazi akadakia kutoka mlangoni: "Tende zangu kila msimu unazila, mfereji wangu ndio haukuhusu?"

"Basi, basi! Nitalipa, msije mkanipeleka Uingereza."

Wa juu na wa chini wakachanga, falaji ikatengenezwa, na siku maji yaliporudi nilisimama ukingoni. Yalikuja polepole, yakisukuma majani makavu mbele yake. Waliochimba falaji ile hawakuwahi kuisikia bodi yoyote ya Waingereza, wala Waingereza falaji. Lakini huku na kule watu walikaa wakabishana, na maji yakaenda walikokubaliana.

Shangazi akachota kwa viganja, akanawa uso, kisha akaondoa jiwe lililoziba njia ya maji ya shamba lake, yakaingia kwenye mitende.