Ijumaa Tatu za Mama Elly

Kila siku saa tisa mchana, madam wake akishalala, Rispah Nekesa huchukua mfuko wa taka za jikoni na kuugawa uwe mifuko mitatu. Wa kwanza huupeleka kwenye pipa kubwa la chuma mwisho wa barabara, akarudi, akanawa mikono, akatoka tena na wa pili. Mfuko mmoja ni dakika tano nje ya ukuta. Mitatu ni robo saa, na hakuna wa kukugombeza kwa kutoa taka.

Mimi ndiye niliyekuwa natoa mfuko mmoja. Nilifika Al-Hamra, mtaa wa Jeddah, mwaka 2014 kufanya kazi za nyumbani, na miezi miwili ikapita sijaongea na Mkenya yeyote, ingawa jumba la jirani na la pili yake yalikuwa na Wakenya jikoni. Siku moja mwanamke mfupi, kitambaa kimefungwa kichwani kama mwanakwaya, akanisimamisha pale kwenye pipa.

"Wewe ndiye yule wa digrii?"

"Ndiyo."

"Na hujajua kugawanya?"

Ndivyo nilivyomjua Rispah. Kwa wanawake wote wa mtaa ule alikuwa Mama Elly, kwa jina la mwanawe aliyekuwa kidato cha pili huko Webuye. Mumewe alipofariki, yeye aliuza mitumba, kisha akaja Jeddah mwaka 2013 kwa ajili ya karo. Kabla ya hapo aliwahi kumfanyia diwani mmoja kampeni ya nyumba kwa nyumba. Diwani akashinda na hakupokea simu yake tena. Mama Elly alikisimulia kisa hicho akicheka mpaka machozi, halafu anasema, "Lakini kura nilizileta. Hilo hawezi kukana."

Wakenya wa Riyadh na Jeddah tulikuwa na Umoja wetu, wa kuchangiana msiba na kusaidia aliyekwama. Kazi kubwa ya mwenyekiti ilikuwa orodha. Kila baada ya miezi michache alipeleka ubalozini majina ya watu walionyimwa ruhusa ya kurudi nyumbani, na majina ya juu ndiyo yaliyoshughulikiwa kwanza. Mwenyekiti wakati huo alikuwa Titus, karani wa ofisi moja kule Al-Murabba, katikati ya Riyadh. Ukimpigia alisema, "Nitaangalia, dada." Hapo ndipo maneno yalipokwisha.

Jina ambalo Titus hakuwahi kuliangalia lilikuwa la Valentine. Nyumba yake ilitazamana na yangu. Mkataba wake ulikuwa umekwisha tangu miaka miwili na nusu, lakini kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikataa kutia sahihi viza ya kutoka na pasipoti aliishika yeye. Kuanzia Krismasi ya 2015 hata kutoa taka akakatazwa. Tulimwona dirishani tu, akitupungia kitambaa cha vyombo, na mkono uliokishika ulizidi kuwa mwembamba.

"Huyu tukimwacha tutampeleka nyumbani kwa sanduku," Mama Elly alisema.

Januari Titus akatangaza uchaguzi. Alikuwa ameona kwenye televisheni Wamarekani wakijiandaa kuchagua mgombea wao wa urais jimbo moja baada ya jingine, wakianza na majimbo madogo, akapendezwa. Nasi tungepiga kura Ijumaa tatu: kwanza Al-Sulay, kule Riyadh kwenye maghala, wanakokaa madereva na wapakiaji, kisha Al-Murabba, mwisho Jeddah. Al-Sulay walikuwa watu sitini tu, lakini wengi walikuwa marafiki zake. Alijua wakianza wao, wengine watafuata, na wanawake wa Jeddah watakubali kilichokwisha amuliwa.

Mpinzani wake alikuwa Danson, dereva wa lori huko huko Al-Sulay, kijana mpole mwenye sauti ya mhubiri. Mama Elly alimpigia simu akamuuliza jambo moja: Valentine atakuwa wa kwanza kwenye orodha? Danson akasema, "Mama, wa kwanza kabisa." "Basi kura yangu ni yako," naye akamwahidi.

Kampeni ikaanza pale kwenye pipa. Mama Elly naye alikuwa ameiona ile televisheni akipiga pasi sebuleni kwa baba mwenye nyumba. "Wale wanagonga milango kwenye theluji," alituambia. "Huko Al-Sulay hatuwezi kugonga mlango. Lakini kila mwanaume pale ana kwao." Akapata majina yote sitini, akayapanga kwa kaunti, na kila mwanamke wa pale kwenye pipa akapewa wanaume wanne hivi wa kwao. Mimi nilipewa watatu, kwa sababu ya aibu yangu.

"Usimtaje Danson," alinifundisha. "Muulize mamake anaendeleaje. Muulize amekula nini. Kesho muulize tena. Siku ya tatu atakuuliza mwenyewe, 'Dada, hii kura nimpe nani?' Hapo ndipo umwambie kuhusu Valentine."

"Na asipouliza?"

"Mwanaume aliyeulizwa siku tatu amekula nini? Atauliza mpaka anunue kiatu cha rangi gani."

Selipher, aliyekuwa na mdomo kuliko sisi wote, akadakia, "Mimi wangu mmoja ameshaniuliza kama nimeolewa."

"Mwambie kwanza apige kura!"

Ijumaa ya kwanza, Al-Sulay: Danson arobaini na moja, Titus kumi na tisa. Nilikuwa nikiosha sufuria ujumbe ulipoingia, nikaisoma ile namba mara nne. Wanaume ambao hatukuwahi kuwaona, umbali wa kilomita zaidi ya mia tisa, walikuwa wamemhama Titus kwa kuulizwa habari za mama zao. Ijumaa ya pili Al-Murabba, kwa Titus mwenyewe, Danson akapata thelathini na tatu kwa ishirini na nane. "Al-Sulay wameshasema," watu walisema, kana kwamba hiyo ilikuwa sababu ya kutosha. Jeddah ilikuwa yetu. Tulianza kumpungia Valentine kwa mikono miwili.

Jumamosi, pale kwenye pipa, Mama Elly akampigia Danson ili amsomee maelezo ya Valentine, yaandikwe mapema. Aliweka sauti ya nje nisikie, niandike.

"Jina la kafili," Danson akasema.

Mama Elly akalisoma.

Nilisikia akizima injini ya lori.

"Rudia, Mama."

Akarudia, pamoja na jina la babake na la ukoo.

"Ana ghala Al-Sulay? Malori meupe?"

"Nitajuaje? Sisi tunajua nyumba yake tu."

"Mama Elly," Danson akasema, na ile sauti ya mhubiri ikawa imemtoka yote, "huyo ni kafili wangu."

Nilikuwa bado nimeshika kalamu. Miezi miwili tulikuwa tumemuuliza mtu huyu kwao ni wapi, anasali wapi, ana watoto wangapi. Katika nchi ambayo hata mlinzi wa lango huanza na swali la kafili wako ni nani, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Tulimchagua kama tunavyochagua nyumbani.

"Nitamshtakije mtu aliyeshika pasipoti yangu?" Danson aliendelea. "Atanifuta kazi siku hiyo hiyo. Ikama yangu halas, sina tena kibali cha kukaa. Nipe mwaka mmoja, Mama. Nikihamia kwa kafili mwingine, naapa..."

"Yeye hana mwaka mmoja."

"Basi tuanze na wengine. Wako wengi."

"Wako wengi," Mama Elly akakubali, akakata simu. Alikaa akilitazama dirisha la Valentine. Kisha akasema hana ubaya na Danson, na kwamba yeye pia angeogopa.

Jumapili asubuhi alimpigia Titus. Nisingeamini kama nisingekuwa nimesimama hapo.

"Titus, unaitaka Jeddah?"

"Mama Elly, umepiga kunicheka?"

"Peleka jina la Valentine ubalozini, peke yake, leo au kesho. Nataka picha ya barua ikiwa na mhuri wa kupokelewa. Ikija kabla ya Alhamisi, Jeddah ni yako."

"Yote?"

"Wewe leta mhuri."

"Na wewe ndiye uliyenimaliza Al-Sulay!"

"Ndiyo ujue naweza."

Picha ilifika Jumanne saa nne asubuhi, mhuri wa bluu, jina moja tu. Jambo ambalo Titus hakuwa na nafasi ya kuliangalia kwa miaka miwili alilifanya kwa siku mbili.

Jumatano pale kwenye pipa ilikuwa vita. Mama Elly hakuficha kitu. Alionyesha picha, akaeleza habari ya Danson na kafili wake, akasema tumchague Titus.

"Umerogwa?" Selipher alipiga kelele hadi nikatazama madirisha. "Juzi ulituambia Titus anatuuza! Mimi nimepoteza siku kumi nikiuliza mtu wa Kitale amekula nini!"

"Anatuuza, ndiyo."

"Halafu tumpe miaka mingine miwili?"

"Ahadi nimeshatoa. Tukimnyima, ataupigia ubalozi kesho aseme ni makosa, na barua itafutwa."

"Na sisi wengine? Siku mimi nikikwama nitampigia nani, Titus? Aniangalie?"

Mama Elly aliirudisha simu mfukoni. "Siku hiyo utakuwa umekwama," alisema. "Sitakudanganya."

Wengine walilia. Mmoja alitupa mfuko wake chini akaondoka. Mama Elly akawapigia simu wote, mmoja mmoja, Jumatano na Alhamisi, na safari hii hakuuliza mama wa mtu yeyote. Alisema, "Ni Valentine au ni sisi. Amua."

Tulipiga kura kwa karatasi zilizokunjwa ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, lililofichwa nyuma ya pipa. D au T, bila jina. Asiyeweza kutoka alimpa dereva wa nyumba. Ijumaa mimi na Selipher tulihesabu kwenye chumba cha kufulia, mashine ikizunguka ili tusisikike. T, T, T. Selipher alizitupa mezani kama karata mbaya. Titus mia moja na nne. Danson tisa.

"Mia moja na nne," Selipher akasema. "Kwa mtu tunayemchukia sote." Akakaa chini sakafuni.

Jioni wanaume wa Al-Sulay walimtoa Mama Elly kwenye kundi la simu. Kabla ya hapo Danson alituma sauti fupi: "Mama, ungekosana na mimi ningeelewa. Lakini kumpa Titus?" Mama Elly aliisikiliza mara moja, akaifuta.

Wiki ya pili ya Aprili gari lilisimama mbele ya nyumba ya Valentine. Walishuka mtu wa ubalozi na maafisa wawili, wakaingia, wakakaa muda mrefu. Valentine alitoka amevaa kandambili, bila begi, pasipoti ikiwa mkononi mwa afisa. Hakututazama hata mara moja. Alitembea kama mtu anayeogopa kuitwa kwa nyuma, akaingia garini, mlango ukafungwa. Siku tatu baadaye alitutumia picha akiwa kwao Busia, amelala kwenye mkeka, amekonda vibaya, anacheka.

Titus bado ni mwenyekiti, na bado husema ataangalia. Mama Elly hajawahi kujitetea kwa mtu. Mimi nilikuwa nimemwona akizigeuza kura mia moja na nne kwa siku mbili, na nilimjua kwa karibu kuliko wengi, lakini kulikuwa na swali sikuthubutu kumuuliza mpaka siku ile picha ya Valentine ilipofika. Nilimpigia simu.

"Mama Elly, wewe mwenyewe ulimpigia nani kura?"

"Danson," alisema. "Nilikuwa nimemwahidi."