Bahari ya Mama Saidi

Siku yangu ya kwanza katika hoteli ile ya Utemini, mjini Singida, Meneja alinikabidhi brashi na ndoo ya maji ya sabuni, akaniambia nianze kwa kusugua yale mawe. Mawe yenyewe yalikuwa matumbawe hai kutoka Tanga. Yalisafirishwa ndani ya mapipa ya maji ya bahari, juu ya lori lililokuwa limepeleka vitunguu vyetu pwani. Nikaiweka ndoo chini.

"Meneja, hawa ni wanyama. Ukiwasugua kwa sabuni umewaua."

Meneja alikuwa mwalimu wa zamani, Mgogo wa Kintinku, mtu mpole. "Dada, utani wa siku ya kwanza huo? Mnyama gani hana hata mdomo?"

Nikamwonyesha vidomo, vingi mno, kila kimoja kina mikono midogo inayochezacheza majini. Alirudi nyuma kama aliyeona nyoka.

Mimi nilisomea mambo ya samaki chuo cha pwani, kisha nikapangiwa Manyoni chini ya Afisa Samaki wa Wilaya, aliyekagua mabwawa ya perege akiwa na tai shingoni, jua la saa saba. Wanakijiji waliniita Bwana Samaki, mwanamke mzima na kanga yangu, nami niliitika. Zilipokuja enzi za ruksa, biashara ikaachiwa huru, serikali ikapunguza watumishi na mimi nikapunguzwa. Nilikuwa nyumbani Mandewa nakaanga maandazi niliposikia kuna tajiri anatafuta mtu wa samaki wa maji chumvi. Nilidhani anataka mpishi.

Tajiri huyo, mwenye hoteli, tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa Mnyaturu mfanyabiashara wa alizeti, aliyekua akichunga ng'ombe kando ya ziwa Singidani. Mkewe, Mama Saidi, alikuwa mtu wa Tanga. Aliolewa akaletwa huku bara, miaka ikapita, miguu ikaanza kumsumbua, na mama yake mzazi alipofariki hakuwahi hata mazishi. Tangu hapo akawa mtu wa kuitikia salamu tu.

"Binti," Mkurugenzi aliniambia, "mke wangu ananikaukia. Nimemletea bahari. Viumbe hawa wakifa sijui nitamletea nini tena."

Basi ndiyo kazi niliyopewa. Cheo sikupewa.

Nilimwomba kwanza subira. Tangi jipya la maji ya bahari ni nyumba isiyo na choo: uchafu wa viumbe hugeuka sumu, na huna wa kuuondoa. Lazima ungoje vijidudu visivyoonekana kwa macho viote kwenye mchanga na mawe, maana hivyo ndivyo vinavyoila sumu ile. Wakati tukingoja, matumbawe yalikaa mapipani, nikiyapulizia hewa kwa pampu na kuyabadilishia maji kila lori liliporudi. Mkurugenzi alipita kila asubuhi akiuliza, "Bado tu?" Enzi zile kila mtu alikuwa na haraka, kana kwamba ruksa ingefutwa kesho.

Hatimaye tukayahamishia tangini, sanduku kubwa la kioo ukumbini mwa hoteli. Nikafunga taa za buluu na nyeupe, kwa sababu tumbawe hubeba mwilini vijimea vinavyolipikia chakula kwa mwanga. Nikaweka na chuma cha kupasha maji, maana baridi yetu ya Juni haimjui mgeni. Yakafunguka. Mama Saidi akaletewa kiti, akakaa mbele ya kioo, na siku chache baadaye akaniita.

"Hili kubwa tulikuwa tunalikwepa tukienda kuokota chaza. Linakata mguu hili!" Akacheka. Meneja aliyekuwa akipita alisimama kumsikiliza. Sote tulifurahi, siwafichi.

Furaha haikudumu. Matumbawe yakaanza kujikunja, na baadhi yakapauka. Kipima chumvi changu, kijichupa kinachoelea, kilizidi kupanda. Sasa vijana mnaoanza kazi hii, lishikeni hili: maji yakikauka tangini, chumvi haiendi nayo, hubaki. Kwa hiyo unaongeza maji matamu, kamwe si ya chumvi. Na upepo wetu wa Singida ni mlevi, hunywa tangi mchana kutwa. Mimi niliongeza maji ya mvua, kipimo kikatulia, kisha siku mbili tatu kikapanda tena. Nilibadilisha sehemu ya maji, nikahisi nimeshinda, kikapanda tena.

Mkurugenzi alimwita Meneja mbele yetu sote. "Yakifa, wewe na huyu Bwana Samaki wako mtafute kazi nyingine." Meneja alikuwa na watoto wanaosoma. Niliumia kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

Mama Saidi alikuwa kitini pake, akisikia yote. Akainuka polepole akishika ukingo wa tangi, akachovya kidole, akaonja. Akakunja uso. Akaonja tena.

"Baba Saidi, hii si bahari. Hii ina magadi. Nimepika maharage kwa magadi nyumbani mwako miaka yote hii, ladha yake itanipotea?"

Maji ya magadi hapa mjini yanatoka sehemu moja tu, nayo unaiona ukisimama barazani. Nikamtazama Meneja, Meneja akamtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi akatazama viatu vyake.

"Ni mimi," akasema. "Nikija asubuhi naona maji yameshuka. Nikasema bahari ya mke wangu inaisha. Nikawa nachota ziwani, namwaga. Sisi tangu utoto tunajua ni maji ya chumvi. Chumvi si chumvi?"

Nilikuwa nimejaza hasira mdomoni, zikaniishia. Nikamweleza taratibu kwamba chumvi ya ziwa ina magadi mengi, nayo humchoma mnyama aliyezoea bahari. Aliitikia kwa kichwa kama mtoto. Kisha akamgeukia Meneja, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwomba radhi mbele yetu.

Mama Saidi hakumgombeza. Alikaa, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sikuomba bahari ije, Baba Saidi. Niliomba twende."

Walisafiri kwenda Tanga wiki ileile, Mama Saidi ameegemezwa kwa mito kiti cha mbele cha gari. Mimi na Meneja tulibadilisha maji kidogo kidogo, kwani hata nafuu ikija ghafla huua. Tulipoteza kama nusu. Mkurugenzi alirudi peke yake, mkewe kabaki kwa dada zake, na mjini wakaanza kusema hatarudi. Mama Saidi alirudi kabla ya mvua. Alipita kaburini kwa mama yake, alituambia. Akaketi mbele ya kioo, akayatazama yale yaliyopona. "Haya," akasema, "sasa naweza kuyatazama bila kuumia."

Nililitunza tangi lile hadi nikastaafu. Ninyi wa leo mna dawa za chupa na vipimo vya umeme, nami nawaonea wivu kidogo. Lakini mkikabidhiwa kiumbe aliyetolewa kwao, msikimbilie kummwagia kitu. Muulizeni anataka nini. Kama hawezi kusema, pimeni maji yake. Na kama anaweza kusema, basi msikilizeni.