Nilimvunja mume wangu mkono kwa ajili ya chakula cha mbwa

Admin, nifiche jina; la mtoto nimeshalibadilisha. Mtaa usihangaike kuuficha; Chemchem ina watu wengi, na waliowavunja waume zao mikono hawaandikwi mlangoni.

Nina miaka 34, watoto wawili, nauza vitenge hapa Tabora mjini. Mume wangu ni fundi pikipiki, mkono wake mwepesi kwenye spana na kwangu pia. Mwaka huu bosi mmoja aliyehama alimwachia kijibwa cha kizungu, kifupi, uso bapa kama kimegonga ukuta, kinakoroma hata kikiwa macho. Mume wangu akakiita Simba, akatangaza kitalinda karakana yake.

Huku kwetu wapo wanaoamini mbwa akila pilipili na damu mbichi anakuwa mkali. Basi kila jioni anarudi na damu ya machinjioni, anachanganya na ugali wa moto na pilipili kichaa, anajaza kwenye sufuria ndefu. Simba hana pua ya kufika chini. Anaingiza kichwa chote, anapaliwa, anatapika. Nikamuuliza daktari wa mifugo. Akasema mbwa wa sura hiyo hupumua kwa shida: apewe kidogo kidogo, chakula laini, kuku wa kuchemsha asiye na mfupa, kwenye sahani bapa, na asiachwe anenepe. Nikawa nampikia kwa siri. Jirani akanichungulia: "Mama Nasra! Mbwa kuku, watoto mlenda? Na mimi nitaota mkia nihamie kwako."

Maneno yakamfikia mume. Jumapili moja mchana, wiki sita zilizopita, aliingia amefura, akapiga teke sahani, akamshika Simba shingo akamzamisha uso kwenye ugali wa moto. "Unamdekeza! Kula, dume wewe!" Mbwa akalia mara moja, kisha kimya, ulimi ukawa wa bluu.

"Baba Nasra, muache, anakufa!"

Mkono wa kushoto ukanizaba kibao mpaka nikaonja damu. Wa kulia haukumwachia mbwa. Nilikuwa natwanga karanga. Nikanyanyua mchi, nikaushusha kwenye ule wa kulia. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Akaachia.

Hospitali alisema kaanguka na pikipiki. Njiani akaniambia taratibu, "Ukimwambia mtu yeyote ni wewe, nakuzika." Sijamwambia mtu. Nawaambia nyinyi maelfu.

Sasa amefungwa hogo la plasta, na kula kwa mkono wa kushoto hataki, hivyo namlisha mimi: matonge madogo, laini, yaliyopoa. Simba naye pembeni hivyo hivyo. Hawatazamani. Akishashiba ananiamuru nimshikie panga, apitishe tupa ya kunolea kwa mkono wa kushoto.

"La nini?" nikauliza.

"La Jumatatu, hogo likitolewa. Naanza na kijibwa chako. Wewe subiri zamu."

Kaka yangu yuko Ipole, mbele ya Sikonge, anafuga nyuki. Nilimpigia. "Dada, njoo na watoto leo hii. Ila mbwa hapana, mama anaswali humu ndani." Jirani naye hamtaki Simba. Nikimwacha nyuma, atakatwa kabla sijafika Sikonge.

Najua mtaandika "ni mbwa tu, kimbia". Hata mimi ningeandika hivyo. Lakini miaka yote nimepigwa humu ndani sijawahi kuinua hata ufagio. Siku niliyojitetea ni ile niliyomtetea yeye.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Leo ni Ijumaa.