Mstari wa Kumi na Mbili

Karatasi zile zilinuka mafuta ya nywele na jasho la viganja vya watu nisiowajua. Zilikuwa tafsiri ya kitabu cha vita tulichosoma mwaka wa pili wa Kilatini, na kila darasa liliwarithisha waliofuata. Nani aliitafsiri mara ya kwanza, Mungu ndiye anajua. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja. Kumi tulizikariri kama kasuku. Aliyebaki alikuwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa fundi cherehani wa hospitali, mtu wa kutia viraka mashuka. Alichoka kuona kwenye chupa za dawa maneno ya Kilatini asiyoyaelewa, basi akiwa na miaka arobaini na sita akaingia chuo, mwaka mmoja na mimi. Ndiye aliyenilea tangu kaka yake, baba yangu, alipofariki. Darasani walimwita Bibi Kamusi. Wakicheka, na mimi nilicheka, kidogo, kwa pembe ya mdomo.

Mhadhiri wetu tulimpachika jina la Kizibo, maana alichokonoa masikio kwa kifuniko cha kalamu, akakitazama, kisha akakirudisha. Kalamu hiyo hiyo akaitafuna. Lakini kilichonitia kinyaa zaidi ni kwamba na yeye alifundishia karatasi zile zile.

Wiki moja kabla ya mtihani wa mdomo, shangazi aliweka shuka kando ya cherehani.

"Hebu njoo. Hesabu mistari."

Kifungu cha mtihani kwa Kilatini kilikuwa na mistari kumi na tano. Kiswahili, kumi na minne. Mashine ya fotokopi ilikuwa imekata mstari wa kumi na mbili, wa mwisho chini ya ukurasa wa kwanza, na miaka nenda rudi watu walisoma Kilatini chote kwa sauti, kisha wakakariri Kiswahili pungufu, naye Kizibo akasema vizuri sana. Mstari wenyewe ulisema hivi: kabla lango halijafungwa, jemadari aliamuru vikongwe watolewe nje ili chakula kitoshe. Na Kizibo kila mwaka alitupigia hotuba juu ya huruma ya jemadari huyo, mate yakimjaa kwenye pembe za mdomo!

"Kuna watu wametupwa nje hapa," shangazi alisema, "na sisi tunawaruka tu."

"Shangazi, achana nao. Sema kama wengine, upite."

"Niseme nimesoma kitu ambacho sijasoma?"

Utaratibu ulikuwa mmoja: ukianguka mtihani ule, mwaka wa tatu husogei, na Kilatini ndiyo basi.

Siku ya mtihani tulikaa wote kwenye chumba cha mtihani. Mimi nilikuwa wa nne. Niliuruka mstari wa kumi na mbili bila hata kumeza mate, Kizibo akatikisa kichwa kwa furaha, nikapewa sabini na nane. Kisha akaitwa shangazi. Alisoma taratibu, akatafsiri taratibu, na vikongwe wakatoka nje ya lango mbele ya masikio yetu.

"Mama, hilo umelitoa wapi?"

"Kitabuni, mwalimu. Hapa."

Kizibo aliinamia kitabu. Midomo yake ilicheza. Nikaona shingo inamlegea, nikajua ameuona. Akakifunga kitabu taratibu, akatugeukia.

"Kuna mwingine aliyewahi kuuona mstari huo?"

Shangazi hakugeuka nyuma hata kidogo.

"Nauliza tena. Yupo?"

Mstari ule niliujua kwa moyo. Niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Basi mama, wote hawa hawawezi kuwa vipofu," Kizibo akasema, akaandika kwamba mtahiniwa ameongeza maneno yasiyokuwepo, na kwamba ameanguka.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa nje, kamusi kwapani. Nilidhani atanitukana. Ningeshukuru.

"Umepata ngapi?"

"Sabini na nane, shangazi."

"Hongera, mwanangu."

Alininyooshea mkono. Ulikuwa mkavu, ncha za vidole zimejaa alama za sindano, na nilijionea kinyaa kiasi cha kushindwa kuushika sawasawa.

"Twende nyumbani ukapumzike," akasema. "Mwaka wa tatu una kazi."