Amina kumi na tisa

Jana watu kumi na tisa waliniandikia "Amina". Leo asubuhi amekuja mtu mmoja.

Nilikuwa nimeandika kwenye kundi letu la matembezi la kanisa: "Kesho saa kumi na mbili na nusu, tutaomba, kisha tutapanda kilima cha Rebero."

Amina zikamiminika. Nikafurahi kama mjinga. Hata zaburi nilichagua fupi, kwa ajili ya wazee.

Aliyekuja ni Mama Josée, ambaye hata WhatsApp hana. Alibeba mfuko wa mandazi.

"Wengine wako wapi, mwanangu?"

Nikasema wamechelewa kidogo. (Mungu anisamehe.)

Tukangoja karibu saa nzima.

"Basi utawaambia kwaheri," akasema. "Wiki hii nahamia kwa binti yangu, kule mbali Kinyinya. Nilitaka kumpa kila mtu mkono."

Tukapanda wawili. Kule juu aliwaombea nyote kwa majina, na hakumsahau hata mmoja.

Jumamosi ijayo nitakuwa peke yangu. Sidhani kama nitaenda.

Mandazi yenu ninayo hapa, kila mtu lake. Nani anakuja kuchukua?

Tafadhali, msijibu "Amina".